Mke Wangu, Ng'ombe Wetu na Neno "She"

Binti yangu hufundisha Kiingereza huko Londiani, na kila akirudi nyumbani huja na hamu ya kusahihisha mtu. Jumamosi ile alinikuta kando ya zizi nikifanyia hotuba mazoezi. Kesho yake wageni kutoka ng'ambo wangefika kanisani kwetu Sosiot, nami, mzee wa kanisa, ningewaeleza kwa Kiingereza mahitaji yetu ya maombi. La kwanza lilikuwa goti la mke wangu. Jumanne angepasuliwa, na aliogopa.

"Usinisahau, Mzee," alikuwa ameniambia. "Nataka niombewe kabla ya kisu."

Binti yangu akasikiliza, akatikisa kichwa. "Baba, umerudia 'my wife' mpaka Kiingereza kimechoka. Mtaje mara moja, halafu useme 'she', yaani yeye wa kike."

"Na ng'ombe?" Ng'ombe wetu naye alikuwa karibu kuzaa.

"Ng'ombe wa nyumbani pia ni 'she'."

Nikamshukuru Mungu kwa lugha isiyopenda maneno mengi. Sisi Wakipsigis tukimtaja ng'ombe asubuhi, jioni bado tunamtaja.

Jumapili nikasimama. Nikamtaja mke wangu mara moja, na hospitali yake. Nikamtaja ng'ombe mara moja. Kisha nikafungulia "she". She amezeeka. She hataki kula. She alinipiga teke juzi. She atazaa wiki hii, tukijaliwa.

Mhubiri mgeni akamtazama mke wangu, nywele nyeupe pee, akafumba macho. Kwa sauti ya kutikisa mabati akamsihi Bwana ampe mama huyu mkongwe uzazi salama, na maziwa tele. Waliojua Kiingereza walivunjika mbavu. Shemasi mmoja alijificha nyuma ya Biblia, matumizi ambayo sikuwahi kuyafundisha.

Mke wangu hajui Kiingereza. Akamuuliza jirani yake kicheko ni cha nini, akaambiwa. Akajivuta, akasimama na goti lake bovu.

"Mzee, mwambie mgeni mimba ni ya ng'ombe. Goti ndilo langu mimi. Na teke utalipata nikipona."

Nikatafsiri yote isipokuwa teke. Mgeni akawa mwekundu kama udongo wetu. Akashuka madhabahuni, akapiga magoti mbele ya mke wangu, akaliombea goti kwa jina lake, goti, goti, bila "it" hata moja. Kicheko kikakoma. Mke wangu alifuta machozi kwa leso.

Jumanne akapasuliwa. Siku chache baadaye nilikuwa naye wodini binti yetu alipopiga simu.

"Baba, amesimama?"

Nikamuuliza anamsema nani, kwa sababu asubuhi ile ng'ombe alikuwa amezaa ndama. Mke wangu, ameshika chuma cha kitanda, nyayo zote mbili sakafuni, akanikatiza.

"Mwambie mama amesimama. Mama. Taja mama!"

Nikasema mama amesimama, mama, mama, mpaka muuguzi akaniomba nipunguze sauti.