Maziwa ya Nyoka Mweupe

Kila mvua inapokatika na udongo ukaanza kunuka nyungunyungu, namkumbuka yule nyoka. Nilimwokota chini ya tofali nyuma ya nyumba zetu za kupanga kule Louisville, nikamtia ndani ya boksi. Alikuwa mtoto bado, mwembamba kama kamba ya kiatu, mweupe wa kuelekea waridi, macho mekundu.

"Bon, hiyo kitu haitalala mu nyumba yangu," mama alisema, tayari amepanda juu ya kiti.

Nyanya, ambaye tangu tufike Amerika alikuwa anakaa dirishani bila neno, alinyanyuka akachungulia ndani ya boksi.

"Baba yangu alikuwaka na ngombe ya rangi hii," alisema. "Mumupe maziwa."

Akayamimina mwenyewe kwenye kifuniko cha chupa, huku akitusimulia malisho ya milimani. Nyoka hakuyagusa. Alichotaka ni nyungunyungu, nami nilimchimbulia mpaka vidole vikanuka udongo darasani. Lakini kila asubuhi kifuniko kilikuwa kikavu, na nyanya kwa furaha alitusimulia ng'ombe mwingine.

Siku moja niliamka mapema, nikamkuta mama kando ya boksi, uso ameugeuzia ukutani. Alitoa kifuniko kwa vidole viwili, akamwaga maziwa kwenye sinki, akakifuta kwa kitenge chake, kisha akakirudisha taratibu pembeni ya nyoka.

"Amekunywa?" nyanya aliuliza kutoka chumbani.

Mama akamjibu, "Amemaliza yote, mama."