Bunduki ya Mitutu Mitatu

Harufu ya mafuta ya cherehani hunitoa machozi, na kila mara inanibidi nisingizie vumbi. Juzi nilipeleka gauni la mwanangu kwa fundi pale Mapinga, nikamkuta anaitia mashine yake mafuta tone kwa tone. Mara nikajiona nimeketi tena juu ya jamvi, uani kwetu Bagamoyo, msichana wa miaka tisa mwenye kitambaa mkononi, nasugua chuma. Nisikilizeni basi, maana jambo hili sijawahi kulisimulia lote.

Mwaka ule Bibi, mama yake Baba, alikuwa akiuguzwa na shangazi yangu kule Kaole. Baba akaona atumie nafasi hiyo kumwezekea mabati nyumba yake ya Kiwangwa, ili akirudi asivujiwe tena. Siku waliyoshusha makuti, kikaporomoka kifurushi kirefu cha ngozi kilichofungwa kwa kamba ya katani. Mimi nilidhani ni mzoga wa chatu, nikakimbilia kwenye mananasi na kurudi nimechanika miguu. Baba alipokifungua, ikawa bunduki. Ilikuwa kutu tupu, kitako kimevunjika vipande, na mdomoni ilikuwa na matundu matatu, mawili juu na moja chini, kama uso wa mtu aliyeshangaa.

Baba hakuwa na kitu chochote cha baba yake. Babu alifariki Baba akiwa kijana, na alichomwachia ni ukimya tu. Hakuwahi kumpakata, hakuwahi kumchukua shamba, na Baba akiingia alipo, yeye huinuka akaondoka. Sasa hapa palikuwa na bunduki, tena si gobori kama za wakulima wengine. Njia nzima ya kurudi mjini Baba alikuwa akicheka peke yake.

"Maju, babu yako alikuwa mwindaji! Mwindaji, unasikia?"

Kesho yake tuliipeleka kwa Mzee Abdulrasul, Mhindi aliyekuwa akiuza misumari na rangi. Marehemu baba yake alikuwa fundi bunduki. Tulimwamkia, akaitikia marahaba bila kutuangalia, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamekwisha kunasa kwenye kile chuma. Alikifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na chini ya kutu ikajitokeza nakshi ya mnyama kama paa, lakini pembe zake zina matawi kama mti.

"Mnyama huyu hayupo kwetu," alisema. "Hii ni ya Wajerumani. Mitutu ya juu ni ya marisau, ya kupigia ndege. Huu wa chini ni wa risasi moja nzito, ya mnyama mkubwa. Mwenyewe hakutaka kubeba bunduki mbili. Marehemu baba alinihadithia habari zake, lakini kwa macho yangu ndiyo kwanza naiona."

Kisha akashika vile vipande vya kitako, na sauti yake ikashuka. "Omari, mbao hii haikuoza. Wala si mchwa. Mtu ameishika bunduki huku mtutuni akaibamiza, akaibamiza tena."

"Labda ilianguka, Mzee."

"Kitu kikianguka huvunjika mahali pamoja."

Baba hakutaka kusikia. Mzee akatoa pini za ndani ili isiweze kupiga tena, akamsisitiza aipeleke polisi. Baba aliahidi, ila kwanza aitengeneze, isije ikapelekwa kama takataka.

Baba alikuwa seremala wa vitanda, na sijawahi kumwona akifanya kazi kwa mapenzi kama ile. Aliviunga vipande vya kitako kimoja kimoja, palipopungua akatia kiraka cha mninga, akapiga msasa mpaka kidole kisijue mpaka uko wapi. Kazi yangu mimi ilikuwa kusugua mitutu. Mama, aliyekuwa mshonaji, alilalamika kwamba bunduki inakunywa mafuta ya cherehani yake kuliko mlevi wa mnazi. Na jioni Baba alitupa hadithi. Mwanzoni Babu aliua nguruwe, baadaye nyati, na bunduki ilipoanza kung'aa, simba wakawa wawili kwa siku.

Bibi aliporudi Kiwangwa, tulikwenda wote kumpokea. Aliketi kitandani akiyasifu mabati. Baba akatandaza kanga mapajani mwake, akailaza bunduki juu yake.

"Mama, tazama alichotuachia Baba."

Macho ya Bibi yalikuwa hafifu, akawa anapapasa. Vidole vilipofika kwenye yule mnyama mwenye pembe za matawi, vikasimama.

"Nani ameiunga?"

"Mimi, Mama. Mimi na Maju."

"Aliivunja kwa mikono yake, nami nikimtazama," alisema Bibi. "Iondoe. Iondoe mapajani mwangu, mwanangu."

Baba akaiondoa. Ndipo Bibi, bila kulia, akasema alichokinyamazia miaka yote. Kabla Baba hajazaliwa walikuwa na mtoto mwingine wa kiume. Msimu huo nguruwe walikuwa wakimaliza muhogo, na Babu akawavizia saa za magharibi kwa bunduki aliyoirithi kwa baba yake, ambaye aliwahi kuwabebea wawindaji wa Kizungu mizigo yao. Majani yakatikisika, naye akapiga.

"Nilimtuma mimi," alisema Bibi. "Nilimwambia, nenda kamwite baba'ko, chakula kinapoa."

Nje kuku walikuwa wakipekua. Baba akauliza.

"Alikuwa akiitwa nani?"

"Omari."

Baba alikaa chini sakafuni, mtu mzima yule. Baadaye aliomba aonyeshwe kaburi. Lilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mikorosho, mawe machache tu ambayo Baba utotoni alikuwa akiyakalia na kubangulia korosho. Aling'oa magugu kwa mikono, akasoma Fatiha, na alipofika katikati sauti ikamkatika, akashindwa kuendelea. Mama akaimalizia.

Bunduki aliipeleka polisi siku iliyofuata, na ilikoishia sikujua. Hadithi za simba hatukuzisikia tena.

Kwa akili zangu za kitoto niliamini kwamba pale kaburini Baba alikuwa akimlilia ndugu aliyemtangulia. Mpaka nilipozaa mwenyewe, nikamshika mtoto na kuhofia nisimdondoshe, ndipo nilipomwelewa. Baba alikuwa akimlilia baba yake, aliyepewa mtoto mwingine mwenye jina lilelile, akaishi naye nyumba moja mpaka kufa kwake, asithubutu kumgusa.