Rangi ya Pinki Kwenye Senti Kumi

Hiki si kisa cha kusimuliwa na mtu mwingine. Kilinipata mimi mwenyewe, saa tisa mchana, jua likiwaka Kitengela yote. Ukitaka niape nitaapa, lakini sikiliza kwanza.

Niko na duka dogo la kupaka kucha. Miaka kumi na mbili nimepaka rangi na kuitoa, kwa hivyo asetoni naijua kama ninavyojua chumvi ya jikoni kwangu. Ndiyo sababu mzee mmoja anayekusanya sarafu za zamani aliniletea shilingi iliyomwagikiwa rangi ya geti, akaniuliza kama ningeweza kuisafisha. Niliweza. Akaleta nyingine, akawaambia wenzake, na hapo kazi yangu ya pili ikaanza. Siri yake ni kutosugua. Unailaza sarafu kwenye chupa ya glasi yenye asetoni, unafunika, unafungua mlango hewa ipite, halafu unangoja. Rangi ikilainika unaigusa tu kwa pamba au kijiti cha meno, kisha unasuuza kwa maji ya betri, yale yaliyosafishwa yasiyo na chumvi. Mkusanyaji akiona mkwaruzo, haitaki tena.

Siku moja nilienda soko la Bisil, na mwanamume mmoja akaniuzia mkebe wa sarafu kuukuu. Alisema ni vitu vya nyumbani vilivyokuwa vimejaza nafasi tu. Nilimwelekeza dukani kwangu, akipata nyingine aniletee. Ndani mlikuwa na senti kumi ya zamani, ile ya shaba yenye tundu katikati. Upande mmoja ulikuwa umepakwa rangi ya kucha ya pinki, tena kwa makini, bila kumwagika hata ukingoni. Sikuuliza ni nani aliyeipaka. Kwa nini ningeuliza?

Kesho yake niliitia kwenye asetoni. Nilikuwa peke yangu dukani. Nikaona msichana wa miaka kama kumi na nane ameingia, amejifunika shuka mabegani ingawa joto lilikuwa kali.

"Sopa, anti," akanisalimia kwa Kimaasai.

"Epa. Karibu ukae."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mikono yake mezani. Kucha za mkono wa kushoto zilikuwa za pinki. Za kulia zilikuwa tupu. Nikafikiri amekuja nimmalizie, nikanyoosha mkono nichukue chupa ya rangi, lakini akatikisa kichwa. Macho yake yalikuwa kwenye ile senti.

"Hiyo unaifanyia nini?"

"Naitoa rangi. Kuna mtu anaitaka ikiwa safi."

"Usitoe yote, anti. Wacha kidogo tu."

Nilicheka. "Nikiacha kidogo itakuwa chafu. Nani ataichukua?"

"Kuna mtu," akasema.

Niamini, sauti yake haikutisha hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka kuomba. Laiti ningeisikia vizuri! Lakini nilikuwa na haraka. Niliitoa senti kwenye chupa, nikaanza kuigusa kwa pamba, na rangi ikaanza kutoka. Yule msichana akawa anaangalia vidole vyake. Nilipoinua macho, ukucha wa kidole gumba cha kushoto ulikuwa tupu. Nikajiambia sikuwa nimeangalia vizuri mwanzoni. Nikagusa tena, na ukucha wa pili ukawa tupu.

Wewe ungeacha hapo? Mimi sikuacha. Mpaka leo siwezi kueleza kwa nini mkono wangu uliendelea. Labda ni mazoea tu ya kumaliza kazi. Alama ya mwisho ya pinki ilipotoka, pale karibu na tundu, kucha zake zote kumi zilikuwa tupu.

"Sawa," akasema polepole. "Sasa imeisha."

Akainuka, akatoka. Nilimfuata mbio mpaka mlangoni. Barabarani watu walikuwa tele, lakini yeye hakuwepo. Halima, jirani yangu anayeuza vitambaa mkabala na mlango wangu, alikuwa amekaa palepale tangu adhuhuri.

"Halima, huyo msichana ameenda wapi?"

"Msichana gani? Wallahi hakuna mtu ameingia kwako. Nimekuona ukiongea peke yako, nikasema labda ni simu."

Najua unachowaza: asetoni ilinipanda kichwani. Hata mimi nilitaka iwe hivyo. Nilijiambia hivyo kwa siku mbili nzima.

Siku ya tatu akaja mama mmoja kutoka Bisil, shanga shingoni, viatu vimejaa vumbi. Hakutaka hata maji. Alisema shemeji yake aliniuzia mkebe bila kumuuliza, na ndani yake mlikuwa na senti moja ya pinki. Binti yake, Naserian, alikuwa ameugua kwa muda mrefu. Wiki yake ya mwisho alipaka kucha za mkono wa kushoto. Alipotaka kupaka za kulia, mkono wa kushoto ukakosa nguvu.

"Akachukua senti niliyokuwa navaa shingoni, akapaka hiyo," mama akasema. "Akaniambia, Yeyo, mama yangu, huu ndio mkono wangu wa pili."

Nikamletea senti. Iling'aa. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Rangi iko wapi?"

Nilikuwa na rangi ya pinki kama ile. Nikamwambia naweza kuipaka upya, hata sasa hivi. Akanitazama bila hasira.

"Hiyo itakuwa mkono wako, mama."

Hapo nikashindwa kunyamaza. Nilimwambia yote: kiti, shuka, mikono mezani, hata nilivyocheka. Nilidhani atanilaani. Alichouliza ni kimoja tu.

"Alikuwa amekonda?"

"Hapana. Alikuwa na mwili wake."

Akafunika uso kwa shuka, akalia kwa muda mrefu. Halafu akasema, kama anayejiuliza mwenyewe, "Mbona alikuja kwako? Mbona hakuja kwangu?"

Nikaketi kando yake.

Aliondoka na senti yake. Tangu siku hiyo hunipigia simu, labda mara moja kwa mwezi. Tunasalimiana, ananiambia habari za mvua na ng'ombe, kisha anauliza.

"Amerudi?"

"Bado, mama."

"Haya. Akirudi, mwambie nyumbani tuko."

Kwa hivyo nakuomba, kitu cha zamani kikifika mkononi mwako kikiwa na rangi au doa usilolielewa, usikimbilie kukisafisha. Mtafute kwanza mwenye kitu hicho, umuulize ni nani aliyekigusa mwisho. Na mtu akikuambia uache kidogo, hata kama humjui, tafadhali, acha.