Mshenga Aliyejikata Kidevu

Simu ya msiba iliingia nikiwa na povu shavu moja, shavu la pili limeshanyolewa. Aliyepiga ni jirani wa nyumba ya tatu, mtu asiyejua kuzungusha maneno. "Braza, mzee mwenzako hatunaye. Katutoka alfajiri hii, hospitalini." Nikakaa kwenye ukingo wa karo na kujitazama kiooni: upande mmoja mzee wa heshima, upande wa pili kichaka. Nikawaza kama inafaa kumaliza kunyoa wakati mtu amekufa. Nikamaliza. Yeye angemaliza, tena angekuja msibani kwangu akawaeleza waombolezaji wembe aliotumia.

Mnaonisoma hapa mnajua sina mkono mwepesi wa kusifu marehemu. Kwetu mtu akishafunikwa shuka tu anakuwa mpole, mcheshi na mpenda watu, hata kama juzi tulikuwa tunavuka barabara kumkwepa. Jirani yangu huyu aliyefariki hakuwa mpole. Alikuwa mbishi mwenye sauti ya kuita abiria, maana ndiyo kazi iliyomlea: kwa miaka mingi alikata tiketi za mabasi ya mikoani pale Ubungo, na stendi ilipohamishwa akaja kwetu Segerea kufungua duka la saruji, misumari na rangi. Tulijuana kama wanaume wa mtaa mmoja wanavyojuana, yaani kwa kubishana. Ukisema unaishi Segerea, kwa ajili ya gereza lililopo kwetu, watu wa mjini hukuuliza kwanza umetoka lini. Yeye akiulizwa hivyo alikuwa akijibu, "Sijatoka. Nimeoa."

Kilichotuunganisha ni vipele vya ndevu. Wenye ndevu za kujikunja mnanielewa: leo umetoka saluni shingo inang'aa, baada ya siku chache unywele umegeuka na kuota ndani kwa ndani, na shingo imekuwa kama ganda la nanasi. Ya kwake ilikuwa mbaya kuliko yangu, na kwa kuwa hakukubali kushindwa na kitu chochote, hata ngozi yake mwenyewe, siku moja alikuja barazani kwangu na mashine ya kunyolea ya chuma, zile za zamani ambazo unafungua kichwa, unalaza wembe mmoja ndani, unafunga. Aliipata kwenye mitumba. "Mashine za umeme zinatuchuna, braza," akasema. "Na wembe mtupu ni wa kukatia kucha na kufumulia nguo. Hii ndiyo ya watu. Kazi iliyobaki ni kuchagua wembe tu." Nikamuuliza kwani nyembe zinatofautiana. Akanitazama kama abiria aliyeuliza kwani mabasi yanatofautiana.

Basi akaanza kujaribu, na mimi nikanunua yangu nikamfuata nyuma, kwa uoga. Alipita maduka ya jumla na vibanda vya rejareja akakusanya kila wembe uliopatikana, wa karatasi ya kijani, wa karatasi ya buluu, hadi wenye maandishi ambayo hakuna mtu mtaani aliyeweza kuyasoma. Kuanzia hapo uso wake haukueleweka tena. Leo wembe mpya na sabuni ya kufulia, kesho wembe mwingine na maji ya baridi, siku inayofuata shavu la kushoto wembe huu na la kulia wembe ule, tena akipandisha badala ya kushusha. Akijikata, wembe mbaya. Asipojikata, mkono wake umekomaa. Alipenda kuonja ukali wa wembe kwenye mkono kabla ya kuupeleka usoni, na haikuchukua muda mkono wa kushoto ukabaki hauna hata kinyweleo kimoja. Mkewe akamwambia mbele yangu, "Baba, huo mkono umekuwa kama kuku aliyechovywa maji ya moto. Ukishamaliza ndevu utaanza na paka?" Nikajaribu kumtetea kwa kumkumbusha mkewe kwamba wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Aliyekasirika ni mume, tena kweli. "Maji matupu? Aliyesema hivyo hajawahi kunyoa. Maji bila povu ni kujichuna!"

Mambo yalifika kwenyewe siku ya posa. Kijana wa mdogo wangu, ambaye mimi ndiye baba yake mkubwa, alikuwa amepata mchumba Temeke, na familia ikaamua mshenga awe jirani yangu, kwa hoja kwamba mtu aliyeweza kuuza kiti cha basi ambalo bado liko gereji hashindwi kumwombea kijana mke. Nyumba ya binti haikuwa na mchezo. Walikuwa wamesharudisha posa ya kijana mwingine kwa sababu mshenga wake alipokea simu katikati ya mazungumzo. Mtoto wetu alikuwa amekonda kwa hofu, na mimi nilimpenda yule binti kwa jinsi alivyomtuliza kijana aliyekuwa ameanza kupotea. Kwa hiyo nikamwomba jirani jambo moja tu: asubuhi hiyo anyoe kwa wembe alioujaribu tayari. "Hapana, leo ni siku kubwa," akasema. "Nimepata mmoja, mkali kuliko yote. Mwenye duka anasema unywele unakatika kabla haujaguswa."

Alitokea amevaa suti ya kijivu, na kidevuni amebandika vipande vya karatasi ya chooni, kila kimoja kina doa jekundu katikati, kama bendera ya nchi ya mbali. Nikasema tuombe siku nyingine. "Tuahirishe posa kwa ajili ya kidevu?" akauliza. "Twende bwana. Njiani damu itakata." Haikukata.

Temeke tulipokewa na shangazi wa binti, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji, na baba wa binti, mzee mkimya aliyeitikia shikamoo zetu kwa kichwa. Jirani yangu akasimama, akasafisha koo, akaanza vizuri sana: sisi ni wapita njia, tumeona ua kwenye bustani yenu. Alipofika kwenye bustani, karatasi moja ikabanduka ikadondoka kwenye sinia la vitumbua. Tone la damu likafuata, likatua kwenye kola ya shati. Mimi nilikuwa nakitazama kile kikaratasi na kumwona mtoto wetu, aliyekuwa nyumbani ameshika simu akisubiri.

"Samahani, baba," akasema shangazi, bila tabasamu. "Nyie mmekuja kuposa au mmetoka kupigana? Maana kama wanaume wa upande wenu wanavunjana asubuhi, mtoto wetu jioni atafanywaje?"

Nikajua tumekwisha. Nikamtazama mshenga wetu nikitarajia uongo, kwa sababu huyo alikuwa fundi wa uongo: angeweza kusema ameparamiwa na mbuzi na ungeona pembe. Akafuta kidevu kwa kiganja. "Mama," akasema, na sauti yake ya stendi ikashuka nisivyowahi kuisikia, "mie nimekata tiketi maisha yangu yote. Uongo naujua. Ningekwambia nimeteleza bafuni na ungenipa pole. Lakini nimetumwa kuja kusema habari za kijana wa watu. Nikianza kwa kudanganya habari ya kidevu, habari ya kijana utaiaminije? Nimejikata nikinyoa. Mzee mzima, ndiyo kwanza najifunza kunyoa, na bado sijui."

Baba wa binti akainuka, akaingia ndani. Nikadhani ndiyo basi. Akarudi na kipande cha shabu, lile jiwe jeupe la kukausha damu, kimelowa maji. Akaketi ubavuni mwa mshenga, akabandua karatasi moja baada ya nyingine, akaanza kumsugua kidevu kama anayemwosha mtoto. Jirani yangu akanyonya hewa kwa meno.

"Inauma?"

"Inauma, mzee wangu."

"Vizuri. Hii ni mikato ya mashine ya chuma, naijua. Wewe unakandamiza. Ile mashine ina uzito wake, iache ishuke yenyewe. Na hizi nyembe unabadilisha kila siku, sivyo?" Jirani yangu akainamisha kichwa. "Shika mmoja. Sabuni ile ile, maji yale yale, mpaka uujue. Hapo ndipo utasema kosa ni la wembe au la mkono." Kisha akafungua kifungo cha juu cha shati lake na kutuonyesha shingo yenye makovu ya vipele. "Mie nilijikata muda mrefu kuliko wewe."

Wa kwanza kucheka alikuwa shangazi. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, kisha akauliza, "Na huyo kijana wenu ana ndevu?" Nikasema ndiyo kwanza zinaota. "Basi afundishwe mapema, asije akamwagia mtoto wetu damu kwenye mito." Tukajua tumekubaliwa. Leo vijana wetu wana watoto wawili.

Jirani yangu alifuata ule ushauri, jambo ambalo kwa tabia yake lilikuwa karibu na muujiza. Akaushika wembe mmoja, wa kawaida kabisa, hadi shingo ikatulia. Ndipo balaa langu likaanza, maana aliyeongoka hatosheki mpaka aongoe wengine. Akaniletea pakiti nzima. Nikanyoa nao, ukanichana. Akasema nimeukosea pembe. Nikarekebisha pembe, ukanichana. Akasema povu jepesi. Tulinuniana siku kadhaa, wazee wawili wenye akili zao, kwa sababu ya kipande cha chuma. Mwishowe nilijitafutia wangu, laini zaidi, ambao yeye aliuita wa kunyolea mapera, na ukanikubali. Akaukagua uso wangu kwenye jua kwa muda mrefu akitafuta kasoro. "Basi," akasema, "uso wako una kiburi."

Tangu hapo nimeanza kuona ugonjwa huu kila kona ya jiji. Mmoja alifuga kuku wa mayai akajenga, mtaa mzima ukafuga kuku wa mayai, na mayai yakakosa mlaji. Mmoja mtoto wake kasoma uhasibu, basi watoto wote uhasibu, hata yule anayelia akiona namba. Mtu akipona tumbo kwa majani fulani, kundi letu la simu la mtaani linageuka duka la dawa. Hatudanganyani, kila mtu anasema kweli kabisa, kweli ya uso wake. Na sisi tunaopewa ushauri tuna haraka ile ile aliyokuwa nayo marehemu: tunabadilisha sabuni, maji na wembe kwa mkupuo, tunajikata, halafu tunamtafuta wa kumlaumu.

Alipolazwa, moyo umechoka, mikono yake ilikuwa ikitetemeka na ndevu zikaota hovyo. Nilikwenda kumwona nikamkuta mkewe ameinama juu yake na ile mashine, bakuli la maji ya vuguvugu kitandani. Hakuwahi kuishika kabla ya hapo. Mgonjwa, kwa sauti iliyobaki kidogo, alikuwa akitoa maelekezo: pembe, povu, usikandamize. "Nyamaza," mkewe akamwambia. "Ukiongea nitakukata." Akanyamaza. Katika miaka yote ya kumjua sikuwahi kumwona akinyamazishwa na mtu, na alifumba macho kwa raha hata nikaona nimeingilia jambo lisilonihusu, nikatoka nje kusubiri kwenye korido.

Tumemzika. Sitasema alikuwa malaika. Bado ana deni langu la misumari aliyoniuzia ikiwa na kutu. Nitasema tu nilichojifunza kwake, mengine kwa kumwiga na mengine kwa kumkatalia. Ukianza jambo usilolijua, shika kitu kimoja na ukipe muda kabla hujakihukumu. Ukiulizwa umeharibu wapi, sema kweli, kwamba bado hujui, hata kama umevaa suti. Na jirani akikuuliza wembe gani mzuri, mtajie wako, kisha mwache akajaribu usoni kwake. Akijikata, mcheke, lakini ngoja kwanza damu ikate.