Mahali Ambapo Jemedari Hakufagia

Mtaani walimwita Jemedari, na hata mkuu wake wa kazi alimwita hivyo. Alikuwa mfagiaji wa barabara, mwanamke mfupi mwenye koti la njano lililomfika magotini. Alipotaka kufagia makutano alinyoosha ufagio mbele ya lori, na lori likasimama. Nilimfahamu kwa sababu ya mguu wangu.

Mimi ni mpaka rangi. Siku ile nilikuwa natoka kazini, natembea kwenye njia ya waenda kwa miguu, mkononi nimebeba kopo la rangi ya kijani iliyobaki. Gari dogo likanijia kutoka nyuma. Baada ya hapo nakumbuka dari la hospitali tu, na nakumbuka niliwaza kwamba aliyelipaka alikuwa na haraka zake.

Dereva ndiye aliyenikimbiza hospitali, na kwa hilo namshukuru. Lakini polisi walipofika hawakukuta gari wala majeruhi, wakachora ramani ya ajali kwa maneno yake. Kwenye ramani hiyo mimi nimo katikati ya barabara, nimekatiza ghafla. Watu wa bima wakaandika kwamba hawalipi kitu. Na daktari alikuwa ameshaniambia kwamba mfupa umeunga vibaya, lazima nipasuliwe tena, la sivyo nisahau kupanda ngazi. Mpaka rangi asiyepanda ngazi atabaki kupaka mageti.

Wakili wangu alikuwa binti mpole, umri wa mwanangu wa kwanza. Akaniambia, “Baba, wewe una maneno yako na dereva ana yake. Rudi pale ulipogongwa. Uliza nani aliona, angalia kama kuna chochote kilichobaki.”

“Baada ya miezi yote hii?”

“Hata kama.”

Nilimwambia mke wangu kwamba sijui nitaanzaje kuuliza watu nisiowajua. Akacheka mpaka akashika ukuta.

“Wewe mume wangu, ukikanyagwa mguu unaomba radhi wewe! Anza na salamu. Mdomo ukikwama, piga chafya, watakugeukia wenyewe.”

Nikaenda. Nikasimama karibu na duka la vifaa vya umeme, nimeegemea mkongojo wangu, nikajifanya nasubiri mtu. Mwenye duka aliponiangalia, nikaangalia saa ambayo sikuivaa. Nikarudi nyumbani bila kumsemesha mtu. Kesho yake nikafanya vilevile, na ningefanya hivyo mwezi mzima, kama ufagio haungesimama karibu na viatu vyangu.

“Kaka, wewe ni wa pale?”

Akaonyesha kwa kidevu. Chini ya ukuta wa duka palikuwa na gunia kuukuu limetandazwa, limezungushiwa mawe. Nilikuwa nimeliona tangu jana, nikadhani wamefunika shimo.

“Wa pale kivipi, dada?”

“Ndugu wa yule mtu. Yule wa rangi.”

“Ni mimi.”

“Wewe ni nani wake?”

“Ni mimi mwenyewe. Rangi ilikuwa yangu.”

Ufagio ukamtoka mkononi. Alinitazama kuanzia kichwani, akashuka taratibu mpaka kwenye mkongojo, kisha akanigusa bega kwa ncha za vidole, kama mtu anayepima kama ukuta umekauka.

“Huja mama,” akasema. “Huja kaka, huja mjane. Mwenyewe hajawahi kuja.”

“Jemedari!” mwenye duka akapiga kelele. “Mwachie mume wa watu!”

“Nyamaza! Huyu ndiye yule uliyetaka nimkwangue kwa chepe!”

Mwenye duka akatoka nje, akaniona vizuri, akanyamaza kweli.

Tukakaa kwenye ukingo wa barabara, akanieleza. Mumewe aligongwa na gari akitoka kibaruani, zamani, kabla yeye hajaanza kazi hii. Alipofika walikomwelekeza, barabara ilikuwa imeshafagiwa na kumwagiwa maji, na magari yanapita kama kawaida. Akauliza ni wapi hasa, kila mtu akanyoosha kidole upande wake.

“Sikupata hata pa kusimama nikalia,” akasema. “Nikalia huku natembea.”

Alipopewa ufagio alijiwekea sharti. Mahali mtu alipoangukia hapafagii mpaka wa kwake aje. Anafunika, anazungushia mawe, anafagia kando. Mkuu wake alimgombeza, akamhamishia njia nyingine, kisha akamrudisha, maana ukiyaondoa hayo mawe hakuna barabara iliyokuwa safi kama yake.

Akapiga magoti, akasogeza mawe, akafunua gunia.

Rangi yangu ilikuwa pale, imekauka juu ya saruji ya njia ya waenda kwa miguu. Vipande vya kioo cha taa ya gari vilikuwa vimegandia ndani yake. Alama ya tairi, mistari yake yote, ilikuwa imepita ukingoni mwa rangi ilipokuwa bado mbichi. Na pembeni ya tairi palikuwa na kiganja, vidole vimetanuka.

Maisha yangu yote ya kazi nimejitahidi nisiache alama ya mkono kwenye rangi mbichi. Niliinama kwa shida, nikaweka mkono wangu juu ya ule. Ukaenea. Nilikuwa mzima, na hapo ndipo nilipolala nikiwa sijulikani kama nitapona, na mtu ambaye hakunijua hata kwa sura alikuwa amenitunzia mahali pangu, kwenye jua na kwenye mvua, akiwasubiri ndugu zangu.

Wakili alikuja kupiga picha. Baadaye akaja afisa wa bima na utepe wake, akapima kutoka barabarani mpaka kwenye kiganja, akapima tena.

“Nani alifunika hapa?” akauliza.

“Mimi,” akasema Jemedari.

“Ulijua kuna kesi?”

“Kesi gani? Nilijua kuna mtu.”

Afisa akaandika. Jemedari akaandikisha maelezo yake, na bima wakakubali kulipa. Nikapasuliwa, na safari hii mfupa ukaunga sawasawa.

Nilipoweza kutembea bila mkongojo nilirudi kwake. Gunia lilikuwa bado pale.

“Kaka,” akasema, “sasa nifagie?”

Nilitaka kujibu, mdomo ukakwama. Sikupiga chafya. Nikatoa kikwanguo changu na chupa ya mafuta ya taa, nikapiga magoti. “Niachie mimi, dada. Rangi ni kazi yangu.”

Nilianza na tairi. Kiganja nikakiacha mwisho. Yeye alifagia vumbi la kijani nyuma yangu, polepole kuliko nilivyowahi kumwona, na mwenye duka akaleta maji ya kumwagia bila kuombwa.

Tulipomaliza nikaona, mbele kidogo, karibu na nguzo, gunia jingine na mawe yake.

“Na pale?”

“Pale bado. Wa kwake hajaja.”

Sasa ngazi napanda tena, na jioni napita njia ile. Watu wanatoka makazini, wana haraka, wanaongea na simu, na wakifika kwenye mawe ya karibu na nguzo kila mmoja anazunguka, hajui kwa nini. Mimi najua. Nikifika hapo navua kofia, kisha nazunguka.