Nundu ya Fahali wa Babu

Harufu ya samadi kavu ikinipata popote, narudi zizini kwetu Tumati, kiangazi kile malisho yalipokwisha na fahali wa babu akapangiwa kuhamia kwa ndugu zetu wa Basotu siku ya Jumamosi. Babu hakutaka kubaki mikono mitupu. Mjomba, mwalimu wa sekondari, alikuwa ametuonyesha maajabu: unapiga picha mbili za kitu kimoja, ya pili umesogeza kamera vidole vinne pembeni, kama jicho lilivyo mbali na mwenzake. Ukizitazama kwenye boksi lenye matundu mawili na vioo vya miwani mbovu, kitu kinajaa, kinatoka. "Nipigie hivyo," babu akaniambia. "Nundu niione ilivyo."

Kazi nilipewa mimi kwa kuwa wenzangu walichunga, nami nilikuwa nimejipa cheo cha kulinda jiko. Fahali nilimwogopa, nikasimama mbali. Halafu nikawaza: kama vidole vinne vinatoa nundu, hatua nzima si itamtoa na zizi lake? Nikasogea hatua nzima, nikapiga ya pili. Ijumaa picha zikarudi kutoka studio mjini Mbulu. Fahali alikuwa amejaa kweli, ila mdogo kama ng'ombe wa udongo wanaochezewa na watoto.

"Mama Safari," babu akamwita bibi, "njoo uone mbuzi wangu."

Bibi alicheka hadi akakaa chini. "Huyu Basotu asiende, mweke tu kabatini!"

Mjomba akanieleza kwamba macho yaliyoachana hatua nzima ni ya jitu, na kwa jitu kila ng'ombe ni kijidude. Basi Jumamosi asubuhi babu akaweka chumvi juu ya jiwe ili fahali atulie. Nikaiweka kamera kwenye kigoda, karibu kabisa, nikapiga, nikaisogeza vidole vinne, nikapiga tena. Kisha fahali akafungwa kamba, akaondoka.

Picha zilipokuja, babu alikaa na boksi usoni. Akainamisha kichwa kushoto, halafu kulia, kama anayechungulia nyuma ya mlango.

"Ubavu wa pili mbona hauonekani?"

"Babu, hiyo ni picha."

"Najua ni picha. Sogea, unamzibia njia."

Simu yangu ya leo ina lenzi tatu mgongoni, nami nimeijaza watoto, ugali na paka wa jirani. Wageni huzipitisha picha zangu kwa kidole, chap chap, huku wakiulizia chai. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nisogee.