Teke la Bastola Tatu

"Haya, sema sasa, katika hizi tatu ipi ina teke zaidi?"

Aliyeuliza ni Katibu wa kijiji chetu, na alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye vumbi la uwanja wa mikutano, mkono wangu wa kulia umepinda mahali pasipo na kiungo, mfupa umetokeza. Damu ya nyusi ilikuwa imeniziba jicho moja. Kwa lile lililobaki nikamwona anacheka, na kijiji kizima kimesimama, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Majina sitaandika. Nitaandika vyeo. Kijiji chetu ni mwendo wa asubuhi moja kutoka Kwedizinga, na wa kule wakisoma vyeo watajua ni nani.

Ile silaha ya tatu ilikuwa gobore la baba yangu. Alilindia mahindi, nguruwe wasiyamalize. Na kwetu gobore lina sharti lake: anayepiga ndiye anayeshindilia. Unamimina baruti, unashindilia kwa ufito, kisha unaweka vidole kwenye mdomo wa mtutu kupima ufito umebaki nje kiasi gani. Vidole vinne, nguruwe. Hushindiliwi na mwenzako hata kama mmenyonya titi moja, kwa sababu bega litakaloumia si lake.

Tulipohamishiwa kando ya barabara, Katibu akasema silaha zote sasa ni za kijiji. Baba akalitoa, akatoa na ufito. Masika hayajaisha nikaliona kiunoni kwa Katibu. Alikuwa amemwona ofisa wa wilaya na bastola yake, tamaa ikamshika. Akalipeleka kwa mhunzi, mtutu ukakatwa ukabaki shubiri mbili, ufito nao ukakatwa ulingane nao, kitako kikachongwa kuwa mpini. Nguruwe wakala shamba la ujamaa mpaka wakanenepa.

Nilikuwa mgambo, na mimi ndiye niliyemsindikiza siku ya kulichukua. Mhunzi, mzee wa watu, alimwambia wazi: "Ndugu Katibu, hili halina tena bega la kuliegemea. Kidole kimoja cha baruti, usizidishe."

Katibu akamjibu, "Mzee, wewe fua chuma. Silaha tuachie sisi."

Niliyasikia kwa masikio haya mawili.

Siku ya mkasa ofisa yule alikuja kutazama mazao. Mazao hayakuwepo, basi wakatafuta mchezo. Alikuwa na bastola mbili: yake, ndogo, bapa, na nyingine nzito ya zamani, yenye tumbo la kuzunguka, iliyotoka kwa meneja mzungu wa shamba la mkonge huko Korogwe. Wakabishana ipi inapiga teke. Ofisa anasema ndogo, Katibu anasema kubwa, maana risasi yake ni nene. Nikaitwa mimi mwenye shabaha nipige zote niwaambie.

Nilianza na ya mzungu. Ile ilinisukuma kiganja kizima, mdomo ukapanda juu polepole, ukarudi. Nzito, lakini ina adabu, kama mtu anayekupisha mlangoni kwa bega. Nikashika ya ofisa. Mlio wake mdogo, ila ilinichapa pale katikati ya kidole gumba na cha shahada kama fimbo mbichi, na kipande chake cha juu kikaniparuza ngozi. Nikawaambia ukweli: ndogo inauma zaidi, maana chuma kizito hubeba teke lake chenyewe, chepesi kinakuachia lote.

Ofisa akafurahi. Katibu hakupenda kushindwa mbele ya watu.

"Hamjaonja hii," akasema, akachomoa gobore.

Nikanyoosha mkono nipewe baruti nishindilie mwenyewe. Akanipa mgongo, akashindilia yeye. Nikaona ufito umebaki nje vidole vinne. Vinne, kwenye kipande cha mtutu kisichozidi paja la mbuzi.

Nikasema, "Ndugu Katibu, hiyo ni ya begani."

"Mkono wa jembe huo unaogopa nini? Au tumwite mama yako aje akushikie?"

Watu wakacheka. Na mimi, kijana, nikaona aibu, nikalichukua. Hilo kosa ni langu na sijawahi kulikana. Lakini kosa langu ni hilo moja.

Sikusikia mlio. Teke la zile mbili lilikuwa na mahali: kiganja, kidole. Hili lilipita kwenye kifundo, likavunja mfupa wa juu yake, likaendelea, na chuma chenyewe kikanirudia usoni.

Ofisa aliingia kwenye landrova yake akaondoka, eti nafasi haikuwepo. Nilipelekwa kwa baiskeli mpaka barabara kuu, kisha lori la mkonge likanifikisha Korogwe. Mfupa uliunga vibaya. Hadi leo ninafunga kifungo cha shati kwa meno.

Niliporudi nikakuta imeshaandikwa kwamba mgambo alijiumiza kwa kuchezea silaha ya kijiji. Aliyeandika ni Katibu. Aliyetia sahihi ni ofisa. Na msimu wa kulima ulipofika, siwezi kushika jembe, Katibu huyohuyo akanisimamisha mkutanoni akaniita kupe, anayenyonya jasho la wenzake. Mke wangu akalima sehemu yake na yangu, mimba tumboni. Mimba ile haikufika.

Ofisa ameshakufa, yeye ana wa kumuuliza. Katibu yuko hai, amejenga Korogwe ya zamani, anasalimiwa shikamoo na watoto wanaopita. Sitaki mali yake. Nataka aje kijijini mchana, watu wakiwepo, aseme kwa kinywa chake nani alishindilia vile vidole vinne, na kwa nini aliandika kwamba ni mimi.

Nauli ya basi kama hana, nitamtumia.